Vitundu kwenye mparachichi na mbao za bandarini: je, huyu ndiye mbawakawa anayeua misitu?

Seremala wa Ngamiani, Tanga mjini:

Assalaam aleikum, wapendwa. Mimi ni seremala, na karakana yangu ipo uani kwetu, Ngamiani. Kwa miaka kadhaa sasa, sehemu kubwa ya mbao ninazotengenezea mabenchi, meza za mama lishe na vitanda vya bei nafuu ni za mapaleti na makreti yaliyoingia na mizigo bandarini, ambayo wenye mali huyauza kwa mafungu mara mizigo yao inapopakuliwa. Ni mbao za bei ninayoimudu, na wateja wangu wamezizoea.

Katikati ya ua wetu upo mparachichi ambao marehemu mama aliuotesha kwa kokwa aliyokuja nayo kutoka Lushoto, nasi tumeulea mpaka umekuwa mti wa kivuli, na chini yake ndipo ninapopigia randa. Baada ya masika ya mwaka huu niliona madoa meupe kwenye shina. Nilipoyagusa yalisagika vidoleni kama chumvi iliyoganda kwenye ngozi ya mtu aliyetoka kuogelea baharini. Nimehesabu madoa 14, mengi yakiwa upande ule ninaouegemezea mbao. Wiki hiyohiyo nikagundua kwamba fungu la mwisho la mbao nililonunua limebunguliwa: lina vitundu vidogo vya mviringo, na nikiligonga kwa nyundo hutoka unga laini mfano wa unga wa ngano. Baadhi ya vipande bado vina gome.

Nimepata kusikia kwamba huko Afrika Kusini kuna mbawakawa mdogo mno, aliyeingia kutoka ng'ambo, ambaye ameshambulia miti ya mijini na ya misituni bila kuchagua. Tangu nisikie habari hizo hofu imenikaa. Naomba wenye ujuzi wanieleze: je, mdudu anayetoboa mbao zangu ndiye huyohuyo anayetoboa mparachichi wetu? Jirani amenishauri niukate upesi na kuwauzia kuni wakaanga samaki kabla haujakauka wenyewe, je, nimsikilize? Na jambo linalonisumbua zaidi ni hili: inawezekana kwamba mimi, kwa biashara yangu hii ya mbao za melini, nimeleta kitu kinachoweza kupanda mpaka kwenye misitu ya Amani, kule milimani Muheza?

Mstaafu wa Misitu, Lushoto:

Waaleikum salaam, mwanangu. Nianze na lile la haraka: usiukate mti huo, wala usiruhusu hata tawi lake moja litoke nje ya ua mpaka tujue kinachoendelea. Jirani yako anakutakia mema, lakini kuni ndizo gari la wadudu hawa, nami nitaeleza kwa nini.

Kuhusu mbao zako, unga laini kama wa ngano unaotoka kwenye mbao kavu ni kazi ya wadudu wanaokula mbao iliyokwisha kukauka. Hao wataharibu benchi na kitanda, lakini hawahami kwenda kuishi kwenye mti mbichi wenye utomvu. Kwa hiyo ule unga na yale madoa ya mparachichi, kwa maelezo uliyotoa, ni mambo mawili tofauti ambayo yamekutana uani kwako. Kinachonitia wasiwasi katika maelezo yako ni lile neno ulilolitaja kwa kupita tu, kwamba baadhi ya vipande bado vina gome.

Mbawakawa wa magome ni ukoo mkubwa, na ndani yake kuna tabia mbili zinazofaa kutofautishwa. Wapo wanaoishi katikati ya gome na mti, ambapo jike huchimba njia na kutaga mayai pembeni mwake, na mabuu yanapoanguliwa hula ile tabaka laini inayopitisha chakula cha mti kutoka kwenye majani kwenda mizizini. Wakiwa wengi wanauzunguka mti mzima, na mti unakufa kana kwamba umechunwa gome. Hao wanaweza kusafiri kwenye ubao wowote uliobaki na gome. Mfano ninaoukumbuka daima ni wa mbawakawa mwekundu wa misonobari, Dendroctonus valens, ambaye kwao Amerika Kaskazini si tishio kubwa, kwa sababu kwa kawaida hushambulia miti iliyokwisha kudhoofika. Aliingia China katika miaka ya 1980, yamkini ndani ya magogo, akanyamaza kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 1999 akalipuka katika jimbo la Shanxi na hatimaye kuua misonobari zaidi ya milioni 10, mingi kati yake ikiwa mizima. Afrika Kusini nako mbawakawa watatu wa magome waliotoka Ulaya na nchi za Mediterania wamefanya makazi katika mashamba ya misonobari. Sisi wenye misonobari ya Shume hatuwezi kulisikia jambo hilo na kulala.

Kundi la pili ni wale ambao hawali mti kabisa, na hapa ndipo ninapokuomba usome polepole. Hao hutoboa mpaka ndani ya mti wenyewe, lakini chakula chao ni kuvu ambayo huipanda wenyewe. Jike ana vifuko vidogo karibu na taya zake, na ndani yake hubeba vijimbegu vya kuvu kama mkulima anayehama na mbegu zake kwenye kibuyu. Akishachimba, huipanda kuvu hiyo kwenye kuta za njia zake, nayo inapoota ndiyo anayokula yeye na watoto wake. Wanahitaji mti wenye unyevu, ndiyo maana mbao iliyokauka vizuri haiwafai. Na kinachoua mti hapo mara nyingi ni ile bustani, kwa kuwa kuvu huingia kwenye mishipa ya maji, na mti, katika kujaribu kujikinga, huiziba mishipa yake wenyewe mpaka unakufa kwa kiu huku mizizi yake ikiwa kwenye udongo wenye maji.

Yule wa Afrika Kusini uliyesikia habari zake ni Euwallacea fornicatus, asili yake Asia ya Kusini-Mashariki. Aligunduliwa mwaka 2017 katika bustani ya mimea ya taifa iliyopo Pietermaritzburg, na baadaye ikabainika kutoka kwenye kumbukumbu za vielelezo kwamba alikuwa amekwisha kunaswa Durban, mji wa bandari, tangu mwaka 2012. Jike ana urefu wa takriban milimita 2. Madume ni madogo zaidi na hayaruki. Yanabaki ndani na kupandana na dada zao, kwa hiyo kila jike linalotoka nje tayari limekwisha kupata mimba, na moja tu linatosha kuanzisha uzao mpya mahali pengine. Hata jike ambalo halijapandwa hutaga mayai yanayotoa madume, kisha likapandana na mmojawapo wa wanawe. Tafakari maana yake kwa mtu wa karantini: hahitaji kuingia na kundi, anahitaji kuingia peke yake. Miongoni mwa miti anayozalia ni mparachichi, mbarika ambao kwetu unajiotea kila penye jalala, na miti ya jamii ya mwamba-ngoma.

Lakini kwa mtu wa Tanga ninamwogopa zaidi mwenzake, Xyleborus glabratus. Mwaka 2002 mbawakawa wachache wa aina hiyo, weusi na wembamba, walinaswa kwenye mtego uliotegwa Port Wentworth, kando ya bandari ya Savannah katika jimbo la Georgia, Marekani. Inaaminika walifika ndani ya mbao za kufungashia mizigo kutoka Asia. Katika miaka miwili mitatu iliyofuata, kwenye pwani ya Georgia na South Carolina ikaanza kufa miti iitwayo Persea borbonia, ambayo ni ndugu wa damu wa mparachichi. Majani yalinyauka na kugeuka kahawia, lakini hayakudondoka; yaliendelea kuning'inia, na misitu ya pwani ikaonekana kama iliyopitiwa na moto usioonekana. Mwaka 2005 mdudu alikuwa Florida, na ilipofika mwaka 2012 ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye mashamba ya parachichi ya kusini kabisa mwa jimbo hilo. Inakadiriwa kwamba zaidi ya miti milioni 300 ya aina hiyo imekufa. Kuna kipepeo mkubwa wa misitu hiyo ambaye viwavi wake hutegemea majani ya mti huo, kwa hiyo hasara haikuishia kwenye mbao.

Kisa hicho kina sehemu mbili ambazo hazizungumzwi vya kutosha. Kwanza, huko Asia kuvu yenyewe, Raffaelea lauricola, huishi na miti ya huko bila kuiangamiza, kwa kuwa imezoeana nayo. Ikaja kuua ilipokutana na miti isiyoijua. Pili, ilipofika kwenye mashamba ya parachichi, mbawakawa wengine waliokuwapo tangu zamani, ambao hapo awali hawakuwa na madhara makubwa, nao waliichukua na kuanza kuieneza. Ugeni wa mdudu mmoja ukawapa silaha wenyeji.

Sasa rudi kwenye ua wako. Mparachichi hutoa ile sukari nyeupe popote unapojeruhiwa, iwe ni kwa mdudu, kwa msumari au kwa panga. Doa jeupe peke yake halithibitishi lolote. Chukua kitambaa chenye maji, lifute kila doa, kwani sukari hiyo huyeyuka, kisha tazama chini yake. Ukiona tundu la mviringo kamili, dogo kama ncha ya kalamu ya wino, kwangua gome kidogo kwa patasi kuzunguka tundu hilo. Mti ukiwa mweupe na safi, hilo ni jambo moja. Ukiwa na doa jeusi au la kahawia linalofuata nyuzi za mti kwenda juu na chini, hilo ni jambo jingine. Tazama pia kama kuna vijiti vya unga vilivyojitokeza kwenye gome mfano wa njiti za kiberiti, vinavyovunjika kwa upepo. Usichimbe zaidi ya hapo. Piga picha, weka sarafu kando ya tundu ili ukubwa uonekane, na umwite afisa ugani wa kata yako ili sampuli ifike kwa watu wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kwa sababu mbawakawa hawa wanafanana mno. Huko California yule wa Afrika Kusini alipopatikana mwaka 2003 alidhaniwa kuwa ni mbawakawa anayetoboa michai huko Sri Lanka, na ikapita karibu miaka 10 kabla ya vinasaba kuonyesha kwamba ni mwingine.

Mama wa Viungo, Amani:

Shikamoo, mzee wetu wa Lushoto, na pole sana, kaka wa Ngamiani. Nimesoma maelezo haya mara mbili, na ya pili nilisoma nikiwa nimesimama katikati ya shamba langu.

Mimi ninalima karafuu, iliki, pilipili manga na mdalasini huku juu Muheza, na mdalasini ndio unaosomesha wanangu. Nilifundishwa zamani kwamba mdalasini na mparachichi ni watoto wa nyumba moja, na ukiponda majani ya yote miwili harufu yenyewe itakushuhudia. Je, mzee, mdudu huyo wa Georgia anaishia kwenye mparachichi tu, au anaifuata nyumba nzima? Ninauliza kwa sababu sisi hatukati mdalasini mara moja ukaisha. Tunauchuna gome, tunaacha kisiki kichipue, kisha tunarudi. Maana yake shamba langu lina majeraha mabichi mwaka mzima, na kila jeraha lina harufu.

Nikuambie pia, kaka, kwa nini swali lako la mwisho lilinigusa. Bustani ya Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na kutoka hapo miti mingi ya ng'ambo ilipandwa katika milima hii, mingine ikatunufaisha na mingine ikauvamia msitu wa asili. Lakini mto Zigi unaotoka kwenye misitu hii ndio unaojaza bwawa la Mabayani, na maji ya bwawa hilo ndiyo mnayoyanywa huko mjini. Ukiugua msitu wa huku, ninyi wa Ngamiani mtajua kwenye bomba. Kwa hiyo usione kwamba umeuliza jambo lisilokuhusu.

Mstaafu wa Misitu, Lushoto:

Marahaba, mama. Umeuliza swali lenyewe hasa. Anaifuata nyumba nzima. Xyleborus glabratus huvutwa na harufu ya mafuta yaliyomo kwenye miti ya jamii hiyo, na kwa tabia hiyo hatofautiani na mteja anayefuata harufu ya pilau mpaka mlangoni. Huko Marekani ugonjwa umeipata miti mbalimbali ya jamii ya mparachichi, ya porini na ya kupandwa, pamoja na mkafuri ambao ni ndugu wa karibu kabisa wa mdalasini wako, ingawa mkafuri, kwa kuwa asili yake ni Asia, huvumilia kuliko mingine.

Sasa nami nikuonyeshe jambo linaloninyima usingizi huku Lushoto. Katika msitu wa Magamba na sehemu nyingine za Usambara Magharibi upo mkulo, Ocotea usambarensis, ambao jina lake la kisayansi limebeba jina la milima yetu. Watu wa mbao wanaujua vizuri, kwani umekatwa kwa miaka mingi mpaka ile mikubwa imekuwa ya kutafutwa. Nao ni wa nyumba hiyohiyo. Mti unaokua polepole, ambao umenusurika na misumeno ya karne nzima, hauna nafasi ya kupoteza wazee wake kwa kuvu iliyovuka bahari kwenye kreti.

Kuhusu majeraha ya mdalasini, ushauri wangu ni huu: magome na vijiti mnavyovibandua visirundikwe kando ya shamba vikaoza taratibu. Na mpakani mwa shamba pasiwekwe kuni mbichi za mparachichi zilizotoka mahali pengine, hata kama ni za bure.

Nimalizie lile la kuni nililomwahidi seremala. Mbawakawa hawa kwa nguvu za mabawa yao hawaendi mbali sana kwa siku moja. Kule Marekani ugonjwa ulikuwa ukiruka makumi na hata mamia ya kilomita kwa mkupuo, na mirukio hiyo ilifuata watu waliobeba kuni na magogo. Mti uliokatwa unaendelea kutoa mbawakawa kwa miezi. Ukiuza kuni za mparachichi wako Ngamiani, zingine zitafika Pongwe, na zingine zitapakiwa kwenye gari la Muheza, na hapo utakuwa umempandisha mdudu kitako mpaka mlangoni kwa mama huyu. Mti ukithibitika kuwa mgonjwa huchomwa palepale ulipokatwa, au hupasuliwa vipande vidogo sana na kufunikwa kwa nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, juani, kwa miezi, mpaka joto liwamalize waliomo.

Karani wa Mizigo, Tanga:

Nawasalimu nyote. Mimi kazi yangu ni ya kutoa mizigo bandarini, na ningependa kuongeza jambo moja kwa ndugu yangu seremala, kwa sababu ni jambo analoweza kuliangalia kwa macho yake kabla hajatoa fedha.

Upo utaratibu wa kimataifa, uliopitishwa mwaka 2002 na kufanyiwa marekebisho baadaye, unaotaka mbao zote za kufungashia mizigo inayovuka mipaka, yaani mapaleti, makreti na hata zile mbao ghafi zinazotumika kuzuia mizigo isiyumbe ndani ya meli, ziondolewe gome na kutibiwa. Tiba inayotumika zaidi ni ya joto: mbao hupashwa mpaka katikati yake, si juu tu, ifikie nyuzi joto 56 kwa dakika 30 mfululizo. Ikishatibiwa hupigwa muhuri wa moto au wa wino. Utauona una mchoro wa suke la ngano, kando yake herufi mbili za nchi ilikotibiwa, namba ya mtengenezaji, na herufi zinazotaja tiba: HT ni joto, MB ni mafusho ya sumu. Gome linaruhusiwa kubaki kidogo sana: kipande chenye upana usiofika sentimita 3, urefu wowote, au kikiwa kipana zaidi basi eneo lake lote lisifike sentimita 50 za mraba. Kwa lugha ya nyumbani, gome linalozidi nusu ya kiganja ni dalili kwamba kuna mtu hakufanya kazi yake.

Kwa uzoefu wangu, paleti lenye umbo kamili mara nyingi lina muhuri. Zinazokosa muhuri ni zile mbao nzito za kuzuilia mizigo, ambazo hupakuliwa mwisho, hutupwa pembeni, na ndizo zinazouzwa kwa bei ya chini kuliko zote. Nimeziona zikiwa bado na unyevu, gome limeshikamana, na zimekaa ghalani majuma mawili zikisubiri mnunuzi. Ndugu yangu, ukiona mbao ya namna hiyo usiinunue kwa urahisi wake. Mjulishe afisa wa afya ya mimea aliyepo bandarini, kwani amewekwa kwa kazi hiyo.

Seremala wa Ngamiani, Tanga mjini:

Mzee wangu, shikamoo. Mama wa Amani na ndugu karani, nawashukuru kwa dhati. Nimefanya kama mlivyoelekeza, nami nawaletea majibu.

Nilianza na mti. Nilifuta madoa yote 14 kwa kitambaa chenye maji, na kweli sukari iliyeyuka. Madoa tisa yalikuwa ni misumari yangu mwenyewe, ile niliyopigilia miaka iliyopita kutundikia misumeno na kamba ya kuanikia, ambayo mingine gome limeimeza ikabaki alama tu. Mawili ni mikwaruzo ya kingo za mbao ninazoegemeza, nami naona haya kwamba mti wa mama umekuwa ukilia kwa mikono yangu mwenyewe. Yaliyobaki matatu yana vitundu vya mviringo kamili, na ncha ya kalamu inaingia kidogo tu na kukwama. Nilikwangua kwa patasi nyembamba. Kwenye mawili mti ni mweupe, safi kabisa. Kwenye la tatu kuna doa la kahawia kubwa kama punje ya choroko, ambalo halijaenda juu wala chini. Majani yote ni ya kijani, hakuna tawi lililonyauka, na njiti za unga sikuziona.

Afisa ugani amekuja jana. Alikata kipande kidogo cha gome pamoja na mti kwenye lile tundu la tatu, akakitia kwenye chupa yenye spiriti, akaandika tarehe na mahali, na chupa imekwisha kuondoka. Alipouliza kwa nini sikuukata, nilimwonyesha maandishi ya mzee.

Kisha nikaingia kwenye mbao. Niligeuza fungu zima ubao kwa ubao nikitafuta suke la ngano. Mapaleti yote yana muhuri, na hayo ndiyo yenye unga wa ngano, kwa hiyo nimeelewa sasa kwamba hao ni wabunguaji wa mbao kavu waliozivamia baadaye. Lakini chini kabisa nilikuta vipande saba vinene, vizito kuliko vingine, visivyo na muhuri wowote, na vinne kati yake vina gome linalozidi kiganja changu. Nilipolibandua gome kwa bapa la patasi, nilikuta chini yake michirizi iliyochimbwa, mmoja mrefu wa katikati na mingine myembamba ikitoka pembeni yake pande mbili, kama mifupa ya samaki. Ilikuwa mikavu na mitupu, haina mdudu. Nimekaa nikiitazama kwa muda mrefu. Mzee, ninaamini hiyo ndiyo ile njia ya mama na watoto uliyonieleza.

Kipande kimoja nimempa afisa ugani akiwa amekifunga kwenye mfuko wa nailoni mara mbili. Vile vingine, kwa idhini yake, tumevichoma hapa hapa uani mpaka vikawa majivu, na hata vumbi la chini nililifagia likaingia motoni.

Mstaafu wa Misitu, Lushoto:

Umefanya vizuri, mwanangu, na ile michirizi ya mifupa ya samaki uliyoieleza ndiyo alama ya wale wa chini ya gome. Kwamba ilikuwa mitupu kuna tafsiri mbili: ama walikufa kwa tiba au kwa ukavu, ama walikwisha kukomaa na kutoka. Kwa hiyo tazama gome lile kama lina vitundu vya kutokea upande wa nje, na kama lipo kwenye kile kipande alichochukua afisa, mkumbushe alitaje jambo hilo kwenye maelezo yake.

Usife moyo kwa lile la tundu la tatu. Mti wenye nguvu mara nyingi humshinda mbawakawa wa kwanza kwa kumzamisha kwenye utomvu, na doa dogo lisiloenea linaweza kuwa kaburi lake. Umwagilie maji wakati wa kiangazi, ng'oa misumari inayong'oleka bila kupanua kidonda, na usiegemeze mbao tena.

Nalisema hili kwa watu wote wa mwambao wanaosoma: thamani ya jicho la seremala haipimiki. Dumuzi wa mahindi alipoingia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 kutoka Amerika ya Kati, wakulima ndio waliokuwa wa kwanza kuona maghala yao yakigeuka unga, na kabla ya kujulikana ni mdudu gani alikuwa amekwisha kusambaa. Huko Australia Magharibi, yule wa Afrika Kusini aligunduliwa mwaka 2021 katika ua wa nyumba ya mtu huko East Fremantle, jirani na mji wa bandari wa Fremantle. Wakakata maelfu ya miti na kuweka karantini mji mzima wa Perth, na bado mwaka 2025 wakakiri kwamba kumwondoa kabisa hakuwezekani tena. Huyo aliyeona vitundu kwenye mti wa uani kwake aliwapa nafasi pekee waliyokuwa nayo.

Seremala wa Ngamiani, Tanga mjini:

Nimesikia, mzee. Gome lile nilikuwa nimepiga picha kabla ya kulifunga, na nimeitazama tena usiku huu kwa kuikuza: upande wa nje upo na vitundu vya kutokea, nimehesabu sita. Nimempigia afisa ugani sasa hivi, amesema ataituma picha hiyo ifuate chupa.

Vile vitundu vitatu vya mparachichi nimevizungushia chaki, kila kimoja na tarehe yake. Nitavitazama kila Ijumaa nikitoka msikitini, na yule ninayenunua kwake mbao nimemwambia kwamba kuanzia sasa sichukui ubao usio na suke la ngano. Amekasirika kidogo, kisha akaniuliza suke lenyewe likoje, nami nikamchorea ukutani.